Kompyuta Iliyopanda Mgeta

Mara ya kwanza kompyuta yangu ilipozima yenyewe, nilidhani umeme umekatika. Nikainua macho, nikaona feni ya dari inazunguka kama kawaida. Redio ya jirani inaendelea kuimba. Ni kioo cha mbele yangu tu kilichokuwa cheusi, na ndani yake niliuona uso wangu mwenyewe, mdomo wazi.

Ilikuwa mchana, Mafiga, kwenye chumba cha mbele cha nyumba ninayopanga. Miezi ile ya mwanzo wa mwaka Morogoro mjini hakuvumi upepo. Milima unaiona pale pale juu ya mapaa, ya bluu na baridi yake, lakini baridi hiyo haishuki. Ninahariri video. Wapiga picha wananiletea vipande vyao vya harusi, kipaimara, mahafali, misiba, nami navikata, navipanga, natia muziki, naviunganisha. Kwa kazi hiyo nimeishi miaka mingi na kompyuta moja ya mezani, kubwa, nyeusi, yenye boksi linalokaa sakafuni pembeni ya goti langu la kulia. Nilikuwa nimeizoea mpaka sikuwa nikiiona tena.

Siku hiyo sikuwa nikihariri kazi ya mteja. Ilikuwa jubilei ya wazazi wangu.

Baba na mama ni wakulima wa Mgeta, juu kabisa, ambako watu hulima kabichi na karoti kwenye miteremko ambayo mgeni akiiona huuliza mnasimamaje. Walifunga ndoa wakiwa vijana katika kanisa la kule kule, na mwisho wa mwaka walitimiza miaka hamsini. Nilipanda na kamera yangu wiki moja kabla ya misa, nikabaki nao mpaka mwaka mpya ulipopita. Niliwapiga picha wakijiandaa, wakitembea kwenda kanisani kwa njia ya miguu inayopita katikati ya mashamba, wakicheza uani na shuka nyeupe walizozawadiwa mabegani. Muda wote huo nyumba yangu ya Mafiga ilikuwa imefungwa, na dirisha la chumba cha kazi niliacha kipenyo kidogo ili hewa ipite.

Niliporudi nikaanza kuhariri. Nikakata, nikapanga. Ilipofika hatua ya mwisho, ile tunayoiita kurenda, ambapo kompyuta yenyewe inaviunganisha vipande vyote kuwa video moja, ndipo ilipozima.

Niliiwasha. Ikawaka vizuri, haina lawama yoyote, haikuandika hata neno moja la kosa. Nikaanza kurenda upya. Mstari wa kijani unaoonyesha kazi imefikia wapi ukatambaa kidogo, kisha kikasikika kile kisauti kifupi cha kitu kinachokatika, na kimya. Nikaiwasha tena hapo hapo kwa hasira. Safari hii haikufika hata kwenye kurenda. Ilizima ikiwa bado inaamka.

Nilifanya anayoyafanya kila mtu. Nilibadilisha waya wa umeme. Nilihamisha plagi kutoka kwenye ekstensheni nikachomeka ukutani moja kwa moja. Niliitoa UPS, ile betri ya akiba, nikairudisha. Niliazima ekstensheni ya jirani. Nilifuta programu nisizozitumia, nikaskani virusi, na wakati wa kuskani ikazima pia. Kati ya jaribio na jaribio nilitoka nje nikakaa barazani kwa sababu chumba kilikuwa na joto la kunata. Nikirudi, inawaka, inafanya kazi vizuri kwa muda, nami napata moyo. Halafu kimya.

Kitu kilichoniumiza zaidi ni kwamba haikufa moja kwa moja. Kitu kilichokufa unakizika, unatafuta kingine. Hii ilikuwa inaniacha nifike karibu, kisha inaondoka.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja wa mjini ninayemwamini. Ni mtu mpole, ana karakana ndogo yenye feni mbili kubwa zinazopuliza kutoka pande zote, na ana tabia ya kusikiliza kompyuta kabla ya kuigusa. Nilimweleza yote. Akaniambia, "Dada, ikizima ghafla namna hiyo bila kukuambia kitu, mara nyingi ni pawa saplai. Inachoka." Akafungua mfuniko wa juu tu, akabadilisha lile boksi dogo la umeme bila kugusa ubavu, akaifunga, akaiwasha. Tuliiacha ikiwaka pale huku tunaongea. Haikuzima. Akafungua video moja tukaiangalia. Haikuzima. Nikamshukuru, nikaipakia kwenye bajaji, nikarudi nayo Mafiga nikiwa naimba kimoyomoyo.

Ilizima kabla sijamaliza kunywa chai.

Nilikaa nikaiangalia. Nakumbuka nyigu mmoja, wale wembamba wenye kiuno kama uzi, alikuwa anaranda kwenye dirisha, anaingia, anazunguka nyuma ya meza, anatoka. Nilimpungia mkono aende zake. Sikumtilia maanani.

Kesho yake asubuhi mama akapiga simu. Mama hapigi simu asubuhi, kwa hiyo nilipokea nikiwa nimeshasimama.

"Baba yako ameteleza shambani," alisema. "Kwenye matuta ya karoti. Ameumia nyonga."

"Mmempeleka hospitali?"

"Tumempeleka jana. Wanasema hakuna mfupa uliovunjika. Ila hawezi kusimama, na mimi peke yangu simnyanyui. Njoo, mwanangu."

Sikujua nitakaa kule siku ngapi, na nilikuwa na kazi za watu. Ndiyo maana nikaamua jambo ambalo nisingelifikiria siku nyingine: kuipandisha kompyuta Mgeta. Dereva wa lori la mboga anayemfahamu baba alikuwa ameshusha kabichi sokoni usiku, anarudi juu na matenga matupu. Tukaiweka monita katikati ya matenga, imezungushiwa godoro dogo. Boksi lenyewe nililipakata mbele kwa dereva, nimelifunga kwa kitenge.

Tulipoacha lami na kuanza kupanda, barabara ikawa inajikunja na kujikunja, upande mmoja ukuta wa udongo mwekundu, upande mwingine hakuna kitu ila hewa na mapaa ya nyumba chini. Dereva alikuwa haongei sana. Kila lori lilipotumbukia kwenye shimo nililikumbatia boksi kwa nguvu zaidi, na yeye akalitazama kwa jicho la pembeni.

"Ni mgonjwa?" akauliza.

"Ndiyo, mgonjwa."

"Hewa ya juu itamfaa," akasema, na nikacheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

Nilimkuta baba kitandani, amelala ubavu, blanketi mpaka kidevuni. Nilimshika mkono. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja na mzigo wa nani huo?"

"Kompyuta. Video yenu imo humo ndani, lakini haitaki kutoka."

Akaliangalia boksi lililokuwa mlangoni. "Iache ipumzike," alisema. "Imesafiri."

Tuliipanga kwenye meza ya sebuleni, chini ya dirisha linalotazama bonde. Nyumba ya wazazi wangu ina umeme, wa kuwasha taa na kuchaji simu. Niliogopa huenda usiitoshe. Nikaiwasha. Ikawaka. Nikaanza kazi ndogondogo, nikiwa nimekaa pembeni ya kiti, nikisubiri ile sauti ya kukatika. Mchana ukapita. Nikamgeuza baba, nikampa uji, nikarudi, na kioo bado kinang'aa. Nikafungua picha za kanisani, nikarekebisha rangi, kazi nzito ambayo Mafiga isingemaliza. Jua likazama nyuma ya mlima, mama akaita tule, nami nikaizima mwenyewe, kwa mkono wangu. Nilikuwa nimesahau raha ya kuizima kompyuta kwa hiari.

Sikujua niamini nini. Nilifikiri labda kuna waya uliokuwa umelegea na mashimo ya barabarani yameusukuma ukakaa. Nilifikiri labda umeme wa mlimani ni mtulivu kuliko wa mjini. Mama alipoona ninaitazama sana akasema, "Imependa huku. Hata watoto wa mjini wakija huku wanalala vizuri."

Siku iliyofuata ilikuwa ya ukungu. Kule kwetu ukungu hautandi tu nje, unaingia. Unapita dirishani taratibu, unakaa ndani na nyie, unalowesha nguo zilizokauka. Nilianza kurenda asubuhi. Mstari wa kijani ukatambaa, ukapita mahali pote ulipowahi kukatikia, ukafika mbali kuliko ulivyowahi kufika. Nikashindwa kukaa. Baba akaniita nimsaidie kujigeuza, nikaenda chumbani kwake, nikamkanda kiuno kwa maji ya moto, tukaongea juu ya karoti zilizobaki shambani. Niliporudi sebuleni, kioo kilikuwa cheusi.

Nikasimama mlangoni. Nilihisi machozi yanakuja, na nikaona aibu, kulilia kompyuta wakati baba yangu amelala chumba cha pili na maumivu yake.

Halafu nikaona blanketi. Boksi lilikuwa limefunikwa lote, juu mpaka chini, kwa blanketi la kijivu la mama, tena limekunjwa pembezoni vizuri kama anavyomfunika mtoto.

"Mama," niliita.

Akaja kutoka jikoni anafuta mikono. "Niliona ukungu unaiingia," alisema. "Nikasema isije ikapata unyevu ikaharibika. Kwani nimekosea?"

Nilitaka kumjibu, lakini mkono wangu ulikuwa umeshalifikia blanketi. Nilipolivuta, joto lilinipiga usoni. Lilikuwa joto lililokusanyika, kavu, lenye harufu ya vumbi na plastiki, joto lile lile la chumba changu cha Mafiga, limo chini ya blanketi katika nyumba ambayo sisi wengine tulikuwa tumevaa masweta. Nikaweka kiganja juu ya bati, nikakiondoa haraka.

Nikakaa chini pale pale kwenye mkeka. Nilikumbuka kila kitu kwa pamoja: kwamba ilizima mchana na si asubuhi, kwamba ikizima ukaiwasha hapo hapo inazima mapema zaidi, lakini ukiiacha upunge hewa barazani inakubali kwa muda, kwamba kwa fundi, kati ya feni mbili, ilikaa vizuri. Ilikuwa imeniambia siku zote hizo.

"Hujakosea, mama," nilimwambia. "Umenionyesha ugonjwa wake."

Sikuridhika kwa neno langu mwenyewe. Tuliisubiri ipoe mpaka bati likawa baridi kama sufuria tupu. Nikaiwasha, nikaanza kurenda, nikamwomba mama alirudishe blanketi. Alinitazama kuona kama ninatania, kisha akalirudisha. Tukasimama wawili tunasikiliza. Mwanzo feni ya ndani ilivuma kidogo. Ikapandisha sauti. Ikapandisha tena, mpaka ikawa inalia kama mashine ya kusaga ya mbali. Mama alinishika mkono wa sweta. Kisha kile kisauti kifupi, na kimya.

"Nani ameizima?" mama akauliza kwa sauti ya chini.

"Hakuna. Imejizima yenyewe."

"Kwa nini?"

"Ikiona joto limezidi, inajikatia umeme kabla haijaungua."

"Inajuaje kwamba limezidi?"

"Kuna kitu kidogo sana ndani kinapima, wakati wote."

Mama aliliondoa blanketi, akalikunja, akalipakata kifuani. Baada ya muda akasema, zaidi kwake mwenyewe kuliko kwangu, "Basi inajionea huruma."

Miaka yote ile niliyofanya kazi na kompyuta sikuwahi kuifikiria hivyo. Nilikuwa nimeilaumu kwa kuniacha njiani. Kumbe kila mara ilipozima ilikuwa inajiokoa, nami narudi naibonyeza, naisukuma tena kwenye moto, nayo inajiokoa tena. Hakuna aliyekuwa anaisimamia. Kitu kisichoishi, kimekaa kwenye sakafu ya chumba cha kupanga, kinahesabu joto lake na kujua wapi pa kukomea.

Niliazima bisibisi kwa jirani. Nikachomoa waya, nikabonyeza kitufe cha kuwashia mara kadhaa ili umeme uliobaki ndani uishe, nikaweka boksi mezani karibu na mlango ambako mwanga ulikuwa mzuri. Baba alisikia sauti za vyuma akauliza tunafanya nini. Nilipomwambia, akataka aone. Tukafungua mlango wa chumba chake wazi kabisa, tukavuta meza mpaka akaweza kutazama kutoka kitandani.

Niliufungua mfuniko mkubwa wa ubavuni. Tangu niinunue sikuwahi kuufungua.

Kwanza tuliona vumbi. Halikuwa vumbi la kupuliza kwa mdomo. Juu ya prosesa, ambayo ndiyo inayofikiri na ndiyo inayochemka, kuna kipande cha aluminiamu chenye mapezi membamba yaliyopangana, na juu ya mapezi hayo kuna feni ya kuyapuliza. Katikati ya feni na mapezi vumbi lilikuwa limesukana likawa kama kipande cha sweta la zamani. Feni ilikuwa inazunguka kwa nguvu zake zote na hewa haipiti.

Kisha nikageuza boksi tuone upande wa nyuma, ilipo feni nyingine, ile inayotoa joto nje. Mama akasogea.

"Hicho ni nini?"

Kilikuwa udongo. Kati ya mapanga ya feni na fremu yake vilijengwa vijumba vitatu, vimelazwa kimoja pembeni ya kingine, virefu kama kidole changu kidogo, laini, na juu yake mistari myembamba ya upinde inayoonyesha kila tonge la udongo lilivyoletwa na kubandikwa. Kimoja kilikuwa kimelishika panga la feni moja kwa moja. Feni hiyo isingeweza kuzunguka hata kidogo. Pembeni, kwenye uwazi mdogo ambao kifuniko chake kilidondoka zamani nami sikukirudisha, kulikuwa na alama za udongo, mahali pa kuingilia.

"Nyigu," alisema baba kutoka kitandani. Alikuwa amejiinua kwa kiwiko. "Yule wa udongo. Huyo hujenga mahali pasipo na mtu."

Aliingia nilipokuwa Mgeta napiga picha za jubilei, nyumba imefungwa na dirisha lina kipenyo. Nami niliporudi alikuwa bado anamalizia, ananipita pembeni ya sikio na tonge lake la udongo.

Nilivitoa taratibu kwa ncha ya kisu. Kimoja kilikuwa kitupu, kimetobolewa kwa tundu la mviringo safi. Cha pili kilivunjika mkononi mwangu, na vikadondoka mezani vibuibui vidogo, vya kijani na vya kahawia, vingi, vimebanana. Nilidhani vimekufa. Mama akainama, akakigusa kimoja kwa jani la ufagio. Mguu ukatikisika. Hakikukimbia, hakikuweza. Katikati yao alikuwepo funza mweupe, mnene, anakula.

"Anawachoma ili wasife wala wasiondoke," baba alisema. "Mtoto akiamka anakuta chakula kizima." Alisema hivyo kama mtu anayeeleza mvua, lakini macho yake hayakubanduka mezani.

Tulikaa hivyo, watu watatu, tukitazama. Kwenye upande mmoja kulikuwa na ubao wa kijani wenye njia za shaba nyembamba kuliko nywele, njia elfu zisizogongana, zote zinaelekea kwenye kile kipande kimoja cha katikati. Upande wa pili kulikuwa na nyumba ya udongo iliyojengwa kwa mdomo, bila mkono, bila kupima, na ukuta wake hauzidi unene pahali popote. Mimi sikuwa nimeviumba hivi wala sikuvielewa vyema, na vyote viwili vilikuwa vimekaa pembeni ya goti langu.

Mama alikichukua kijumba cha tatu, kile ambacho hakikuvunjika, akakiweka kwenye boriti chini ya paa la jiko. Hakutuambia kwa nini. Kisha alichukua brashi mpya ya kupakia rangi iliyokuwa imebaki kutoka maandalizi ya sherehe, akaniletea.

Kusafisha kulichukua sehemu nzuri ya mchana. Nilishika feni isizunguke, nikasugua vumbi katikati ya mapezi, nikaligeuza boksi, nikapiga chini yake kwa kiganja, nikatoa vipande vya udongo kimoja kimoja. Mama alishika tochi ya simu. Baba alituelekeza palipobaki, kwa kidole, kutoka kitandani, na mara mbili alikuwa sahihi. Feni ya nyuma nilipoisukuma kwa ncha ya kidole ilizunguka, ikaendelea kuzunguka yenyewe kidogo, kisha ikasimama polepole.

Nilirudisha mfuniko, nikaiwasha, nikaanza kurenda. Mama alilitazama blanketi, nikamwambia, "Hapana, safari hii tuiache." Ikavuma kwa sauti ndogo, sawasawa, bila kupanda. Nilipoweka mkono nyuma yake nilikuta hewa ya uvuguvugu inatoka, inasukumwa nje, kama pumzi ya ng'ombe. Mstari wa kijani ulifika mwisho wakati mama anachemsha chai ya jioni. Sikumwita mtu tushangilie. Nilikaa tu naangalia maandishi yanayosema imekamilika.

Tuliigeuza monita itazame chumbani kwa baba. Mama akakaa kitandani miguuni kwake, mimi nikasimama mlangoni.

Nilikuwa nimezipitia picha zile mara nyingi mpaka zimekuwa vipande tu: kata hapa, punguza pale. Pale mlangoni ndipo nilipoziona. Njia ya miguu asubuhi, kabichi pande zote zina umande, na wazazi wangu wanatembea kuelekea kanisani, mama ametangulia, baba nyuma yake kwa suti ya kijivu. Anashuka mteremko kwa hatua za haraka, za mtu aliyeshuka pale maisha yake yote, haangalii chini. Mahali pa utelezi anamnyoshea mama mkono kutoka nyuma, mama anaupokea bila kugeuka, na wanaendelea.

Baba hakuondoa macho. Aliangalia mpaka wakaingia kanisani.

"Rudisha," alisema.

Nikarudisha. Akaangalia tena ile hatua, ule mkono.

"Kumbe natembea hivyo," alisema.

Mama alicheka kidogo. "Ulikuwa hujui?"

"Nitajuaje? Sijawahi kukaa nyuma yangu." Kisha akamtazama. "Na wewe hata hukugeuka kuuona mkono."

"Nilijua upo," alisema mama.

Nilitoka nje. Ukungu ulikuwa umeondoka, na bonde lote lilionekana, matuta juu ya matuta yaliyochongwa na watu kwa jembe la mkono tangu babu zetu, moshi wa majiko unapanda wima. Nilisimama pale mpaka nikasikia video imefika kwenye kucheza na watu wanaanza kupiga vigelegele ndani ya nyumba yenye watu wawili.

Baba alipona taratibu. Kwanza alikaa, kisha akasimama kwa kushika ukuta, kisha akaanza kwenda mpaka uani na fimbo. Sasa anafika shamba la karibu. La juu amemwachia kijana wa jirani alilime. Mimi nilirudi mjini na kompyuta yangu kwa lori lile lile, limejaa karoti safari hii, na Mafiga ilikuwa na joto kama nilivyoiacha. Nilirenda harusi nzima mchana wa jua kali. Haikuzima.

Nilimpelekea fundi picha za kile tulichokikuta. Alizikuza kwenye simu, akaziangalia moja moja, akarudia ile ya vibuibui. "Nimekuta mende, nimekuta sisimizi, nimekuta mjusi," alisema mwishoni. "Hiki sijakiona." Akaomba nimwachie zile picha. Halafu akaiomba na kompyuta, akabadilisha ile dawa nyeupe inayopakwa kati ya prosesa na kipande chake cha aluminiamu, maana ilikuwa imekauka ikawa unga. Akaziba uwazi wa nyuma kwa kibati. Na kabla sijaondoka akaniwekea programu ndogo inayoonyesha pembeni ya kioo joto la prosesa kwa wakati huo.

Ni namba tu, ndogo, ya rangi ya machungwa. Nikifanya kazi nyepesi inakaa chini. Nikianza kurenda inapanda, inapanda, inafika mahali inasita, na feni inaongeza sauti kuifuata. Wateja wangu hawaioni. Lakini mchana wa joto, mstari wa kijani unapotambaa, mara nyingi naacha kila kitu nikaitazama. Naisimamisha kazi kidogo kwa makusudi, naondoa mkono kwenye mausi, na ile namba inaanza kushuka, moja moja, bila mimi kuigusa.